Jack Zollo kabla ya bunduki
Jamani, *My Life in Crime* ya John Kiriamiti (1984), iliyoandikwa gerezani Naivasha, wengi tunaisifia kwa benki zilizovamiwa na polisi waliopigwa chenga. Mimi nimekwama kwenye kurasa za mwanzo. Mtoto wa walimu kutoka Murang'a anafukuzwa shule baada ya mgomo, anaishia Nairobi akiibia watu mifukoni. Hapo riwaya inakimbia mno: nani alimtafuta yule mtoto? Huku Nyakunguru, kijana aliyeacha shule haendi kuiba ng'ombe kwa sababu ana damu mbaya; mara nyingi wezi ndio pekee waliomwita. Kiriamiti hajitetei, na hiyo ndiyo nguvu yake. Lakini msomaji anayekumbuka bunduki tu amesoma nusu ya kitabu.