Hukumu na Ushauri: Tatizo la Kuhakiki Filamu za Wanafunzi

Makala haya yanahusu jambo ambalo walimu wa fasihi nchini Kenya huitwa kulifanya mara kwa mara, ilhali ni nadra walijadili: kuzihukumu filamu zilizotengenezwa na wanafunzi na kuwaeleza waliozitengeneza kwa nini wamepata alama walizopata. Katika tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo, filamu iliingia wakati tamthilia imekwisha kuota mizizi. Haikuwa ajabu, basi, kwamba ilirithi pia msamiati wa jukwaa. Tunakusudia kuonyesha kwamba msamiati huo, hata unapotumiwa kwa nia njema, humwacha mwanafunzi bila msaada kwa sababu hauelekezi kidole mahali popote katika filamu yenyewe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Filamu ni ya dakika 7. Mama anamsubiri mwanawe arejee kutoka mjini. Amepika, amekifunika chakula kwa sahani. Giza linapoanza kuingia anafunua, anatazama, anafunika tena. Kisha jirani anabisha hodi, na kwa muda wa dakika 2 mama anamweleza kwamba mwanawe hajarudi, kwamba moyo wake hautulii, kwamba vijana wa siku hizi wanaangamizwa na dawa za kulevya. Jopo linaandika: dhamira ni nzito, lugha ni fasaha, uigizaji ni hafifu.

Kila sehemu ya hukumu hiyo yaweza kutetewa, lakini hakuna inayofaa kitu. Kilichotokea ni kwamba ile sahani imekwisha kusema kila kitu, na mazungumzo yanayofuata yanarudia kwa maneno yale ambayo mtazamaji ameyapata kwa macho. Mwigizaji anaonekana hafifu kwa kuwa amepewa kazi ya kueleza jambo lililokwisha kueleweka. Mhakiki anayesema, “Katika dakika ya 3 nilijua kwamba mama huyu ana hofu, kuanzia dakika ya 4 nikaacha kumhofia,” amemwonyesha mwanafunzi mlango. Anayesema “uigizaji ni hafifu” amemtuma akatafute mwigizaji mwingine, naye atarudi mwaka ujao na kasoro ile ile katika uso mpya.

Jambo hili si geni katika nadharia ya filamu. Lev Kuleshov, aliyefundisha katika chuo cha filamu cha Moscow baada ya mapinduzi ya 1917, alifanya jaribio ambalo Pudovkin, mwanafunzi wake, alilisimulia baadaye. Uso mmoja wa mwigizaji Mozzhukhin, usioonyesha hisia yoyote dhahiri, ulipangwa kando ya bakuli la supu, kisha kando ya jeneza la mwanamke, kisha kando ya mtoto anayecheza. Kwa mujibu wa Pudovkin, watazamaji walimsifu mwigizaji kwa mawazo yake mazito mbele ya supu, huzuni yake na furaha yake. Hata tukiichukua simulizi hiyo kwa tahadhari, funzo lake kwa mwamuzi liko wazi: sehemu kubwa ya kile tukiitacho uigizaji ni kazi ya mhariri. Jopo linalotenga alama za uigizaji na alama za uhariri kana kwamba ni mafungu mawili yasiyokutana linamkosoa mtu asiyehusika.

Hapa ndipo mjadala wetu unapogusana na historia ya ushairi wa Kiswahili. Amri Abedi alipochapisha sheria zake za utunzi mwaka 1954, aliwapa watunzi chipukizi msaada mkubwa, kwani arudhi ni kitu kinachofundishika. Lakini Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, baadhi ya wahakiki walikuwa na kipimo kimoja tu mkononi, nacho kilikuwa cha kuhesabu. Waliuliza mizani iko wapi, vina viko wapi; swali la kile ambacho mashairi hayo yalikuwa yakijaribu kutenda lilikawia sana. Karatasi ya alama za filamu inaelekea huko huko. Mwaka 1958 Roman Polański, akiwa mwanafunzi katika chuo cha filamu cha Łódź nchini Poland, alitengeneza filamu fupi kuhusu watu wawili wanaoibuka baharini wamebeba kabati. Hawasemi neno hata moja. Filamu kama hiyo ikiletwa mbele ya karatasi yenye fungu la “matumizi ya lugha”, alama zake zitaandikwa nini?

Na tukitaja lugha, idara za Kiswahili hazina budi kuwa makini zaidi ya wengine. Nairobi Half Life, iliyoelekezwa na David “Tosh” Gitonga mwaka 2012 na kuteuliwa kuiwakilisha Kenya katika kinyang’anyiro cha Oscar cha filamu za lugha za kigeni, isingeweza kusimama bila Sheng. Mwanafunzi anayemfanya manamba wa River Road aseme Kiswahili sanifu ili asipoteze alama amefundishwa kusema uwongo. Swali la haki ni kama mhusika anasema kama atakavyosema mtu wa mahali pake, na hili lawakabili hata wale wanaotumia Sheng kama urembo tu.

Vipi basi ushauri utolewe? Mwaka 1990 Liz Lerman, msanii wa ngoma wa Marekani, alibuni utaratibu wenye hatua 4. Kwanza watazamaji hutaja kilichowagusa au kuwa na maana kwao. Pili msanii huuliza maswali yake. Tatu watazamaji huuliza maswali yasiyobeba hukumu ndani yake. Mwisho hutoa maoni, iwapo msanii ataridhia kuyasikia. Twaupenda utaratibu huu kwa hatua yake ya tatu, kwa kuwa swali kama “Ulitaka tumtazame nani mlango ulipofunguka?” humlazimisha mwanafunzi kuukumbuka uamuzi wake, au kugundua kwamba hakuamua lolote. Hatua ya nne yatutia shaka. Mwanafunzi wetu hawezi kumwambia mwalimu wake kwamba hataki kuyasikia maoni yake. Adabu haimruhusu, na alama zimo mikononi mwa mwalimu huyo huyo. Ridhaa hapo ni jina tu. Ndiyo sababu tunapendekeza kwamba ushauri utolewe kabla ya hukumu, na ikiwezekana na mtu mwingine, wakati filamu bado i katika uhariri wa kwanza.

Wakati ni jambo zito kuliko upole wa maneno. Tamthilia yaweza kurekebishwa kesho jioni, filamu haiwezi. Nyumba iliyoazimwa imerudishiwa wenyewe, mwigizaji amekwenda likizo, kamera iko kwa kundi lingine. Kumwambia mwanafunzi aliyefika hapo kwamba angepiga picha ya mama kutoka dirishani ni kumpa majuto. Lakini bado aweza kufupisha mazungumzo ya jirani, kuiacha sahani kwenye skrini kwa sekunde 5 zaidi, kuiondoa muziki inayotuamrisha kulia, au kurekodi upya sauti iliyomezwa na upepo. Mwamuzi mzuri hutenganisha yanayoweza kutendwa leo na yale ya filamu ijayo, na huyataja ya leo kwanza.

Wako watakaosema kwamba haya yote ni kuwadekeza wanafunzi. La hasha. Sifa ya jumla ndiyo inayodekeza. Filamu mbovu husifiwa kwa dhamira yake kwa sababu dhamira, iwe ni UKIMWI, ufisadi au mazingira, imekwisha kuidhinishwa kabla ya kamera kuwashwa, na hivyo kuisifu hakumgharimu mwamuzi chochote. Ukali unaostahili ni ule unaotaja dakika. Na kuitaja dakika kunahitaji mwamuzi aitazame filamu mara 2: ya kwanza bila kalamu, ya pili akiwa na saa mbele yake. Kwa filamu 20 za dakika 7 hiyo ni kazi ya saa 4 na dakika 40 kabla ya jopo kusema neno, na ratiba za mashindano yetu hazina budi kuitengea nafasi.