Nzi 13,953 Upande Mmoja, 146 Upande wa Pili

Kati ya Oktoba na Desemba 1975 huko Zimbabwe, ambayo wakati huo ilikuwa bado inaitwa Rhodesia, watafiti wa Maabara ya Blair walifanya kazi ambayo wengi wangeikimbia: walihesabu nzi wa chooni. Walichukua vyoo vya shimo vinavyofanana kwa kila kitu, ila kimoja kilikuwa na bomba la hewa na kingine hakikuwa nalo. Nzi waliotoka shimoni wakanaswa kwa mitego. Baada ya siku 78, choo kisicho na bomba kilikuwa kimetoa nzi 13,953. Chenye bomba kilitoa 146. Huku ni wastani wa nzi 179 kwa siku, kule hawafiki hata wawili.

Hesabu hii naikumbuka kila masika yanapoanza na kila msimu wa maembe, tunapokimbilia kopo la dawa ya kupuliza. Nzi wa mezani anakufa, kesho wapo wengine. Peter Morgan na wenzake wa Maabara ya Blair hawakumvizia nzi mezani. Walijiuliza anaingiaje shimoni na anatokaje, kisha wakamzibia njia zote mbili kwa bomba moja.

Kazi yenyewe huenda hivi. Upepo unapopita juu ya mdomo wa bomba huvuta hewa ya shimoni. Hewa ya nje inaingia kibandani, inashuka kwa tundu la choo, na harufu inapanda kwa bomba badala ya kurudi usoni mwa mtu. Nzi hufuata harufu. Kwa hiyo wale wa nje huruka hadi juu ya paa, wakakuta wavu uliofungwa mdomoni mwa bomba, na wengi hawapati pa kutagia. Wachache wanaoponyoka na kushuka kwa tundu hutaga, mayai yakawa mabuu, mabuu yakawa pupa, na siku moja nzi mpya anatoka. Huyu sasa hafuati harufu, anafuata mwanga. Kibanda kimejengwa makusudi kiwe na giza, mara nyingi kwa ukuta uliojizungusha kama konokono ili kisihitaji hata mlango. Mwanga mkali anaouona kutoka chini ni ule wa bomba. Anaupanda, anagonga wavu, anahangaika hapo hapo mpaka anakufa na kudondoka alikotoka.

Mwanzoni ilidhaniwa kuwa jua ndilo linaloendesha kila kitu, ndiyo maana mabomba yalipakwa rangi nyeusi yapate joto. Vipimo vya baadaye vilionyesha kuwa upepo una nguvu zaidi. Kwa mtu wa pwani, mwenye kusi na kaskazi, hiyo ni habari njema, mradi bomba lipite paa kwa angalau nusu mita na lisifichwe chini ya mwembe. Kipenyo kiwe kama sentimita 15. Matundu ya wavu yawe ya milimita moja na kidogo: yakiwa makubwa nzi anapita, yakiwa madogo mno hewa inakwama.

Choo hiki huharibiwa zaidi na watu wenye nia njema. Wa kwanza ni yule anayeweka mfuniko kwenye tundu. Kwenye choo cha shimo cha kawaida mfuniko ni kinga, lakini kwenye choo cha bomba unaikata hewa, na bomba linabaki pambo. Wa pili ni anayetoboa madirisha makubwa kibandani ili kuwe na mwanga. Nzi naye anauona mwanga huo, anatokea tunduni. Wa tatu ni fundi anayefunga wavu wa plastiki au wa chuma cha kawaida. Gesi ya shimoni na jua vinaufanya wa plastiki uwe mkavu hadi upasuke, na chumvi ya bahari inakula chuma. Wavu wa alumini, au wa chuma kisichoshika kutu, una bei, lakini wavu ukitoboka kazi yote ya bomba kwa nzi imekwisha.

Hata hivyo bomba si jibu la kila nzi, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Nzi anayezaliana kwa wingi katika vyoo vya shimo vya Afrika ni yule mnene anayeng'aa kijani na buluu, Chrysomya putoria. Nzi wa nyumbani, Musca domestica, ni wa kijivu, ana urefu wa milimita sita hivi hadi nane, na ana mistari minne myeusi mgongoni, nyuma ya kichwa. Huyu anapenda zaidi samadi na taka zinazooza. Yupo na wa tatu, Musca sorbens, anayeng'ang'ania macho ya watoto na kueneza trakoma, ambaye huzaliana kwenye kinyesi kilichoachwa juu ya ardhi. Huko Gambia, utafiti uliochapishwa 2004 ulionyesha kuwa kujenga vyoo, bila dawa yoyote, kulipunguza nzi hao machoni mwa watoto kwa asilimia 30. Kupuliza dawa kulipunguza asilimia 88, lakini dawa hiyo ilibidi irudiwe tena na tena. Basi kabla ya kutumia shilingi, ua mmoja umtazame mgongoni.

Ukiona mistari minne, achana na choo kwanza, nenda kwenye banda la kuku na pipa la taka. Nilifanya hivyo kwenye banda la uani kwetu. Katikati, maranda yalikuwa makavu, yanavunjika mkononi, hamna kitu. Chini ya drinka, chombo cha maji ya kuku, yalikuwa yamelowa yakashikana kama ugali wa jana, na nilipoinua bonge moja mabuu meupe yalikuwa yanasukumana kwa mamia. Pembeni, pale palipo nusu kavu kando ya ukuta, nikakuta pupa za kahawia zimejipanga kama punje za mtama. Ndiyo tabia yake: buu hula kwenye unyevu, lakini akikomaa hutambaa kutafuta pakavu. Tuliinua drinka juu ya matofali, tukatoa maranda yaliyolowa, tukayaanika juani yakiwa tabaka jembamba. Basi. Samadi ya kuku ikikauka vizuri, mabuu hayaishi humo. Shida ya pwani ni kwamba wakati wa masika hewa yenyewe ina maji, hivyo kazi hiyo huwa ya kila siku, si ya Jumamosi.

Jambo jingine ni muda. Jike la nzi wa nyumbani hutaga mayai zaidi ya 100 kwa mkupuo, na hufanya hivyo mara kadhaa maishani. Katika joto letu mayai huanguliwa ndani ya siku moja, mabuu hukomaa kwa siku nne hadi saba, na pupa huchukua siku kama nne au tano. Ndoo ya maganda na vichwa vya samaki ikikaa wiki nzima, buu anakuwa ameshashiba na kushuka ardhini kabla gari la taka halijafika. Gari linabeba taka, nzi wanabaki mtaani.

Dawa nayo ina historia ya kusikitisha. DDT ilipoanza kutumika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watu waliamini nzi wamekwisha. Kufikia 1947 nzi wa nyumbani wa Sweden na Italia walikuwa tayari wameizoea. Kiumbe anayepata wajukuu ndani ya mwezi mmoja hashindwi kwa kopo.

Kwa hiyo, ili taka ziondoke kabla buu hajashuka ardhini, nawaomba wenyeviti wa mitaa, hasa wa maeneo ya masoko: mkataba ujao wa kuzoa taka uandikeni mara mbili kwa wiki, na katika miezi ya mvua msikubali pungufu ya hapo.