Mabega Yashuke

Ukitaja Tarime, wengi hufikiria ukali. Wakurya wa huko wana sifa ya uaskari tangu enzi za KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, na mpaka leo jeshini hukosi akina Chacha, Marwa na Mwita. Sifa hiyo ni ya haki, ila husimuliwa nusu. Nusu iliyobaki ni utulivu.

Mtazame mpiga upinde anayeijua kazi yake. Mkono ulioshika upinde haubani; ukibana, upinde unayumba na kamba ikirudi inamchapa kwenye kigasha. Mabega yako chini, shingo haina mshipa uliosimama, kamba anaivuta kwa misuli ya mgongo. Pumzi inatoka nusu, inatulia. Kisha vidole vinalegea tu, mshale umekwenda. Anayeinyakua kamba kwa hasira, mshale wake huenda kando, hata awe na nguvu za fahali.

Karate nayo inafundisha hivyo. Huko Okinawa, Japani, Chojun Miyagi (1888–1953) aliijenga karate ya Goju-ryu juu ya pumzi. Kwetu, Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alianza kuifundisha Dar es Salaam mwaka 1973. Zoezi la msingi la karate hiyo, Sanchin, lina hatua chache za polepole: mwanafunzi anapumua hadi chini ya kitovu, mwalimu anapita akimpiga makofi mabegani kuona kama yamepanda. Ngumi hukazwa pale inapogusa. Kabla ya hapo, mkono uliokakamaa ni mzito, huchelewa, tena humchosha mwenyewe. Kijana mgeni haamini. Anauma meno, amekunja ngumi tangu mlangoni, na muda si mrefu anahema, wakati mkongwe wa rika la baba yake bado anapumua kwa pua.

Utulivu huo haumwangukii mtu. Hupatikana kwa kurudia jambo dogo mpaka mwili uache kuogopa. Mimi nauheshimu kuliko teke la juu au tofali linalovunjwa mbele ya watazamaji.

Hasira imetugharimu sana. Koo za Kikurya za Waanchari na Warenchoka zimewahi kurushiana mishale kwa sababu ya ardhi na ng'ombe, na Serikali ikafikia kuunda Kanda Maalumu ya Kipolisi ya Tarime-Rorya. Ufundi wa mikono haukupungua hata kidogo siku zile; uliokosekana ni utulivu.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa mazoezi, kuanzia Sirari hadi Mugumu: kijana akija kutaka kufundishwa kupiga, mwanzisheni na kupumua, na msimwonyeshe ngumi kabla mabega yake hayajashuka.