Binti Aliyeitwa London

Tumesoma riwaya ya Jokha Alharthi wa Oman, Sayyidat al-Qamar (2010), ambayo tafsiri yake ya Kiingereza ilipata tuzo ya Man Booker International mwaka 2019. Yatuhusu: ndiko walikotoka baadhi ya mababu wa Tippu Tip, aliyewekwa liwali hapa Stanley Falls mwaka 1887.

Oman ilifungiwa miaka mingi. Hata malango ya Maskati yalifungwa kila usiku. Mwaka 1970 Qaboos alimwondoa babaye, akaleta shule, barabara na hospitali. Utumwa nao ukakomeshwa. Wengi husifu hayo, wakaishia hapo.

Mwandishi huyu haishii hapo. Mayya amwita bintiye London. Lakini Zarifa, mtumwa wa mfanyabiashara Sulayman, azidi kumtumikia, tena amkemea mwanawe Sanjar asemaye kwamba wao ni watu huru. Sanjar ahamia Kuwait.

Kasoro ya kitabu ni kurukaruka kwa nyakati, msomaji hupotea. Walakini kinasema kweli: sheria yaweza kutangazwa kwa siku moja, bali desturi ya utumwa hukaa nyumbani. Basi tujiulize: nyumbani mwetu, ni nani alaye wa mwisho?