Ngome Ililishwa na Nani?

Msomaji anayefungua The New Knighthood, kitabu cha Malcolm Barber cha mwaka 1994 kuhusu Watemplari, watawa waliokula nadhiri na kushika silaha, huenda akachoka mapema. Majina ya wakuu wa shirika, mapapa na ngome yanafuatana bila kumpa nafasi ya kupumua. Ushauri wangu: ukishamaliza habari za chimbuko la shirika, ruka sura za vita, soma kwanza ile ya mtandao wake wa kiuchumi, halafu urudi nyuma.

Nasema hivyo kwa sababu ya jinsi kitabu kilivyojengwa. Kumbukumbu kuu za Watemplari zilipotea, hivyo Barber ameliunda upya shirika hilo kwa kutumia hati zilizobaki Ulaya: shamba lililotolewa sadaka, kinu, malisho, haki ya kutoza ushuru. Hati moja haisemi mengi. Zikiunganishwa, unaona mali ya Ufaransa na Hispania ikigeuka farasi, chakula na fedha za kuvusha bahari hadi Palestina.

Uthibitisho mzito ni Safed, ngome ya Galilaya ambayo Watemplari walianza kuijenga upya mwaka 1240. Andiko la karne hiyohiyo linataja mabruda wapiganaji 50, mabruda wa daraja la chini 30, wapanda farasi wepesi 50, wapiga mishale 300, wafanyakazi 820 na watumwa 400. Ngano na shayiri zilihitajika kwa mwaka zaidi ya mizigo 12,000 ya nyumbu. Ukiwa na hesabu hizo mkononi, kutekwa kwa Safed na Sultani Baybars mwaka 1266 kunaacha kuwa tarehe moja kati ya nyingi. Unajua ni kitu gani hasa kilichopotea.

Kitabu kinafika pia kwenye kesi ambamo Watemplari wenyewe walishtakiwa, na hapo Barber ni makini vilevile. Paris, mwaka 1307, watu 138 walihojiwa na 4 tu ndio waliokana mashtaka yote. Yeye hapokei maungamo ya wale wengine kama ukweli, kwa kuwa mateso yalitumika.

Natamani tu wale watumwa 400 wangepata kurasa zaidi. Njia ya kusoma hati za sadaka humwona vizuri mtoa shamba na mpokeaji wake. Aliyebeba mawe ya Safed hakuwa na shamba la kutoa.