Bluu Inayokaa Mshazari

Bango la rangi lililobandikwa ukutani, iwe Hospitali ya Mkomaindo pale Masasi au dukani Newala, anga lake la bluu karibu daima limepigwa chapa kwa thalosianini ya shaba. Fomula yake ni atomi 57: kaboni 32, haidrojeni 16, nitrojeni 8, na shaba moja katikati. Anayeishia hapo amesoma nusu tu. Bluu tuionayo hukamilishwa na namna molekuli hizo zinavyokaa pamoja.

Molekuli yenyewe ni bapa, yenye pande nne zinazolingana, na nitrojeni nne zimeikamata shaba. Umbo hilo lilibainishwa kwa eksirei na J. Monteath Robertson jijini London katikati ya miaka ya 1930. Ndani ya fuwele, bapa moja hukaa juu ya jingine kwa nafasi ya nanomita 0.34 hivi, lakini halikai wima: huinama. Katika aina ya fuwele iitwayo alfa mwinamo ni kama nyuzi 25. Katika aina nyingine, beta, kama 45. Safu jirani ya beta huinamia upande wa pili, mishazari ikapishana fuwele nzima.

Aliyezoea vinyago vya dimoongo, mtindo wa Kimakonde unaonasibishwa na Roberto Yakobo Sangwani, anaijua nguzo ya miili inayobebana. Ila mchongaji humpa kila mtu uso wake. Fuwele hurudia mwili uleule bila kuchoka, na tofauti yote huachiwa mpangilio. Alfa hutoa bluu yenye wekundu kidogo. Beta, bluu inayoelekea kijani. Kemia ni ileile! Kwangu hili ndilo jambo kubwa kabisa katika umbo hili.

Kati ya hizo mbili, naipa beta nafasi ya kwanza. Mwinamo wake mkubwa huleta nitrojeni ya jirani wa juu na ya jirani wa chini zikaelekea shaba, hivyo kiini hakibaki wazi. Nguzo imefungamana. Ndiyo maana wino wa matbaa huitumia beta. Alfa ni nzuri kwa macho lakini haijatulia: ipashe moto au iache ndani ya kiyeyushi kama toluini, fuwele zitakua na kugeuka beta, na ule wekundu utatoweka. Watengenezaji wa rangi za kupaka wanaoutaka huongeza klorini kidogo kwenye molekuli, ili alfa isigeuke ikiwa bado ndani ya kopo.