Nani Aliyefufuka katika Riwaya ya Tolstoy?

Mwaka 1899 Leo Tolstoy, akiwa mzee wa miaka 70, alianza kutoa riwaya aliyoiita Ufufuo. Mwaka 1901 Sinodi ya Kanisa la Urusi ilitangaza kwamba yeye si wa kundi lake tena. Na miongoni mwa makosa aliyohesabiwa ni kumkana Kristo aliyefufuka katika wafu. Basi mtungaji asiyekubali kwamba kaburi lilipata kuwa tupu alitaka kusema nini kwa jina lile? Jibu lililozoeleka ni kwamba kinachofufuka ni moyo wa Nekhlyudov. Jibu hilo halitoshi.

Kisa chenyewe si kirefu kusimulia. Nekhlyudov, bwana mwenye mashamba, aitwa mahakamani kuwa mmoja wa wazee wa baraza. Mshtakiwa ni Katyusha Maslova, kahaba anayedaiwa kumwua mfanyabiashara kwa sumu. Nekhlyudov amtambua: ndiye msichana aliyelelewa kwa shangazi zake, ambaye yeye mwenyewe alimharibu, kisha akamwachia rubli 100. Kwa uzembe wa wazee wale katika kuandika uamuzi wao, mwanamke asiyekusudia kuua ahukumiwa miaka 4 ya kazi ngumu huko Siberia. Nekhlyudov aapa kumfuata na kumwoa.

Lakini kiini cha kitabu hakimo mahakamani. Kimo katika usiku wa Pasaka, miaka mingi kabla ya kesi, katika kanisa la kijijini. Katyusha amevaa nguo nyeupe na mkanda wa buluu, na utepe mwekundu umo katika nywele zake nyeusi. Amjia maskini mmoja ambaye mahali pa pua yake pana kigaga tu. Katyusha ampa sadaka, kisha, bila kinyaa hata kidogo, ambusu mara tatu, kama ilivyo desturi ya Warusi wanapoambiana kwamba Kristo amefufuka. Tolstoy hahubiri hapa. Ajabu ni kuwa ukurasa huu, mzuri kupita zote za kitabu, umetoka katika ibada ile ile ambayo mtungaji aidhihaki vikali katika kanisa la gerezani.

Kifo nacho kina usiku wake. Katyusha, mwenye mimba, akimbia katika mvua na giza mpaka stesheni ili amwone Nekhlyudov akipita. Amwona dirishani mwa gari la moshi, penye taa na viti vya mahameli, akicheka karibu na maofisa wanaocheza karata. Gari laondoka. Tangu hapo Katyusha haamini Mungu wala wema.

Aliyekufa, basi, ni yeye. Na ufufuo ukiwapo, hauna budi kuwa wake. Nekhlyudov atubu, agawia wakulima ardhi, azunguka katika ofisi za wakubwa. Na yote hayo ni mema. Walakini Kiswahili chaweza kumwonyesha msomaji upungufu wake. Mtu hufufuka, au hufufuliwa. Kujifufua ni neno ambalo ulimi walikataa. Nekhlyudov ajaribu kujifufua, na Katyusha ndiye chombo. Mwenyewe amwambia hivyo gerezani, kwa hasira: alimtumia kwa anasa ya dunia, na sasa ataka kumtumia apate wokovu wa ahera.

Njiani kwenda Siberia wafungwa wa siasa wamtendea kama mtu, na mmoja wao, Simonson, ampenda jinsi alivyo. Hukumu inapopunguzwa, achagua kwenda na Simonson; na Nekhlyudov atambua kwamba bado ampenda, na kwamba kwa kumkataa amempa uhuru. Pale pana kitu kisicho deni wala malipo.

Heri Tolstoy angeishia hapo. Badala yake Nekhlyudov afungua Injili ya Mathayo, na humo aona amri zinazomtatulia yote. Chekhov, aliyempenda Tolstoy mno, alilalamika katika barua ya mwaka 1900 kwamba kitabu hakina mwisho, na kwamba haifai kuyamaliza mambo yote kwa aya. Ana haki, ila ubaya si kuwapo kwa Injili, bali ni sehemu iliyochaguliwa. Nekhlyudov asoma juu ya kutokasirika, kutoapa, kutoshindana na mwovu. Hafiki sura ya 28, ya wanawake waliokwenda kaburini. Amri zamwambia mwenye nguvu la kutenda. Hazina neno kwa aliyeachwa mvuani. Tumaini la Wakristo, tangu Paulo, lilianza kwa habari ya jambo lililokwisha kutendwa na mwingine, na habari hiyo Katyusha aliibeba midomoni usiku wa Pasaka. Katika sura ya mwisho hayumo chumbani. Nekhlyudov awaza tu kwamba shauri lake na Katyusha limekwisha.